Naandika stori ya Grendel akisimulia mwenyewe, ila zimwi langu limegeuka mlalamikaji. Nifanyeje?

KalamuButu:

Wakuu habari zenu. Nina kitu kinanisumbua mwezi wa pili huu na naona nikikaa nacho peke yangu nitakichana chote, kwahiyo nimeona bora nikilete hapa, mnisaidie au mnicheke, vyote sawa.

Naandika stori ndefu kidogo, kama kurasa 40 hivi, juu ya Grendel. Kwa ambao hawajakutana naye: kuna utenzi wa Kiingereza cha kale unaitwa Beowulf, mistari 3182, aliyeutunga hajulikani, na umetufikia kwa nakala moja tu ya mkono ya kama mwaka 1000 hivi, nayo mwaka 1731 ilinusurika kwenye moto ikababuka kingo. Kisa chenyewe kiko Denmark. Mfalme Hrothgar kajenga ukumbi wa fahari unaitwa Heorot, watu wanakunywa, kinubi kinapigwa, mshairi anaimba jinsi dunia ilivyoumbwa. Nje huko kwenye mabwawa na ukungu kuna zimwi linasikia yote hayo kila siku. Ikafika siku likaingia usiku likazoa watu 30 kwa mpigo. Likaendelea miaka 12. Mpaka akaja Beowulf na wenzake 14 kutoka ng'ambo ya bahari, akalisubiri gizani, akalidaka mkono bila silaha yoyote akaunyofoa kuanzia begani. Likakimbia kwenda kufia kwao.

Mimi nataka Grendel asimulie mwenyewe, "mimi" mwanzo mwisho. Drafti ya kwanza nilimpa dada yangu asome, akarudisha akasema huyu mbona kama yuko mahakamani anajitetea. Nikakasirika kisha nikasoma tena nikaona kweli. Kurasa 14 za mwanzo ni upweke, kutengwa, mama yake maskini, watoto waliomtupia mawe (hilo la mawe nimelitunga mimi), yaani hadi anamla mtu wa kwanza msomaji ameshaambiwa mara kumi kwamba si kosa lake. Nikaandika drafti ya pili nikaondoa huruma yote, ikawa damu na mifupa tu, ndani hamna mtu.

Swali langu ni hilo. Nisimame wapi kati ya hizo mbili? Na kama kuna mtu ashawahi kuandika upande wa zimwi aniambie alianzaje maana mimi hata sentensi ya kwanza nimeibadilisha mpaka imeisha ladha.

Kibogoyo:

Hili lishafanywa mkuu. John Gardner, Mmarekani, alitoa riwaya 1971, Grendel ndiye msimulizi, na ni nzuri kupita utakavyoandika wewe na mimi tukiunganishwa. Tafuta zimwi lingine.

JichoMoja:

@Kibogoyo kwa hesabu hiyo hata Gardner alichelewa. Polyphemus, yule zimwi wa jicho moja wa Homer, mshairi wa kale wa Ugiriki, washairi walianza kumpa nafasi ya kujieleza zamani sana. Theocritus karne ya 3 kabla ya Kristo kamfanya kijana aliyependa, kakaa juu ya mwamba anamwimbia binti wa baharini Galatea, anajua kabisa ana sura mbaya, anaahidi jibini na maziwa. Baadaye Ovid, mshairi wa Kirumi, naye kachukua hapohapo kaongeza chumvi. Sasa hao wangeambiana "lishafanywa" tungekuwa na nini leo. Mleta mada andika.

Ila KalamuButu nikuambie kitu kuhusu huyo wa Homer mwenyewe, maana naona jibu lako liko pale. Fikiria umeshinda machungani, unarudi jioni na kondoo wako, unakuta wanaume 13 wamekaa pangoni kwako, wamewasha moto na wamekula jibini yako, afu wanakudai zawadi ya ugeni. Haki iko wapi hapo? Halafu jamaa anawala. Wawili jioni, wawili asubuhi, wawili jioni tena. Mifupa na yote. Hakuna anayemsafisha. Na ni mtu mpangaji kweli, anakamua kila kondoo kwa zamu yake kisha anamrudishia mwanawe anyonye, na hiyo haibadiliki hata siku anayokula watu.

Wakamtoboa jicho. Asubuhi kondoo wanatoka, yeye kakaa mlangoni anawapapasa migongo ili wale watu wasipite, na Odysseus, kiongozi wao, kajificha chini ya tumbo la beberu la kondoo, kubwa kuliko yote, limetoka la mwisho. Polyphemus analishika, anaongea nalo. Analiuliza mbona leo uko nyuma wakati siku zote wewe ndiye wa kwanza malishoni na wa kwanza mtoni, au unalilia jicho la bwana wako?

Mimi nilipofika hapo nilifunga kitabu. Jitu limetoka kula watu sita na mimi namuonea huruma, na hakuomba! Anaongea na kondoo wake tu. Kosa la drafti yako ya kwanza naona ni kwamba Grendel wako anaongea na SISI.

KalamuButu:

@JichoMoja "anaongea na sisi" aisee. Hiyo imeniingia. Hapa nilipo nimefungua drafti na kweli ukurasa wa kwanza kabisa kuna "mtaniita zimwi, lakini". Mtaniita nani? Nani yuko pale kwenye mabwawa anasikiliza?

@Kibogoyo najua kuhusu Gardner, nimeamua kutomsoma mpaka nimalize, naogopa nitamuiga bila kujua.

bintiMsimulizi:

Kaka KalamuButu, nimechelewa uzi ila ngoja niseme yangu, itakuwa ndefu mnivumilie.

Kabla hujatunga watoto wa kurusha mawe rudi kwenye utenzi wenyewe usome taratibu sehemu za Grendel, maana watu wengi wanadhani yule mshairi wa zamani yuko upande wa Beowulf mia kwa mia na zimwi ni zimwi tu, kumbe sivyo. Anaingia ndani ya kichwa chake mara kibao. Usiku ule wa mwisho Grendel anafika mlangoni, anaona watu wamelala kwa safu, na moyo wake UNACHEKA. Anahesabu mlo. Kisha anamla mmoja, anakunywa damu kwenye mishipa, anamaliza hadi miguu na mikono, anasogea kwa anayefuata, ndipo mkono wake unakamatwa. Na hapo hapo mshairi anatuambia anachojua Grendel: hajawahi kukutana na kiganja kama kile popote duniani, na anachotaka ni kukimbia tu arudi gizani kwake. Yaani kwenye mapigano yale hofu tunaihisi kupitia zimwi, si kupitia shujaa. Kazi nusu ushafanyiwa.

Na hesabu yake iangalie. Usiku wa kwanza alibeba watu 30. Beowulf anasifiwa kuwa kiganja chake kina nguvu za watu 30. Sikuambii uitumie, ila ingekuwa mimi nisingeiacha. Kwamba anaposhikwa pale anahisi vidole vingi mno, kama wale wote wa usiku wa kwanza wamerudi kumshika kwa pamoja.

Jambo la pili ni lile la fidia, na hapa wengi wanaruka. Utenzi unalalamika kwamba Grendel alikataa suluhu na Wadeni (watu wa Denmark), hakutaka kulipa chochote kwa aliowaua, na hakuna mzee yeyote pale aliyetegemea kupata mali kutoka mikononi mwake. Unaona ilivyo? Kwao kuua mtu kulikuwa na utaratibu wake, unalipa diya ya damu mambo yanatulia. Kosa la Grendel machoni pao si kuua tu, hata wao waliuana sana, kosa ni kuua bila kuingia kwenye hesabu. Sasa huyu atalipa nini na kwa nani, na lini mtu alimfundisha kwamba kuna bei? Hiyo ni hoja ya upande wake ambayo huhitaji kuitetea wala kumfanya alie. Mwonyeshe tu anasikia watu ndani wanazozana juu ya dhahabu kwa ajili ya maiti na yeye haelewi dhahabu inahusianaje na nyama.

La mwisho, na kwangu ndilo kubwa. Utenzi haumfuati Grendel nyumbani. Mkono unatoka, anakimbia, na sisi tunabaki ukumbini na mkono umetundikwa chini ya paa. Asubuhi watu wanafuata nyayo za damu mpaka ziwani wanakuta maji yanachemka damu. Basi. Kati ya mlango wa Heorot na lile ziwa hakuna shahidi hata mmoja. Kilomita ngapi zile, alitembea vipi, alianguka wapi, aliongea na nani, mama yake alimpokea na neno gani, hakuna aliyeandika. Pale ndipo kwako. Kurasa 40 zako zote zingeweza kuwa njia ile tu.

KalamuButu:

Dada bintiMsimulizi sina la kusema zaidi ya ahsante. Njia ile tu. Nilikuwa naanzia utotoni kumbe nianzie mlangoni mkono ukiwa umeshatoka. Mengine yote yatakuja vipande vipande akiwa anatembea.

Sasa nina shida nyingine ndogo, lugha yake. Anaongeaje? Nikimpa Kiswahili kizuri anakuwa mwalimu, nikimvunjia sentensi anakuwa mtoto mchanga.

Mpindisha Maneno:

Mimi ni mtu wa lugha si wa hadithi kwahiyo nichangie kwenye hilo tu.

Mnaandika kwa Kiswahili halafu hamtumii silaha ambayo mnayo mkononi. Soma uzi huu kuanzia juu. Mleta mada kaandika zimwi LINAsikia, LIKAingia, LIKAzoa, LIKAkimbia. Mstari huohuo Beowulf AKAja, AKAlisubiri, AKAlikamata (sorry, akalidaka). Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kiambishi kimoja tu na tushajua nani mtu nani si mtu. Kiingereza inabidi wahangaike na maneno, sisi iko ndani ya kitenzi hata ukitaka kuificha huwezi.

Halafu akija kwenye "nilikuja, nilisikia, nikaingia" hiyo li yote inapotea. Kwenye nafsi ya kwanza hakuna zimwi. "Ni" ya shujaa na "ni" ya zimwi ni moja. Ndiyo maana kusimulia kwa "mimi" kuna nguvu, si kwa sababu ya huruma.

Sasa cheza nayo. Wadeni wakimsema, li. Mama yake akimsema, a. Mwanangu kachelewa, mwanangu amekula? Na Beowulf, machoni pa Grendel, kwanini awe a? Lile lililomshika gizani halina sura, halina silaha, halijasema neno, lina nguvu isiyo ya kiumbe anachokijua. Kwake yeye zimwi limeingia ukumbini usiku ule na si yeye.

Na huo si ujanja wangu, hata utenzi wenyewe unao. Kuna neno la Kiingereza cha kale, aglæca, wafasiri wengi wakilikuta kwa Grendel wanaandika zimwi na wakilikuta kwa shujaa wanaandika mpiganaji wa kutisha, ila neno ni lilelile. Kuna mahali karibu na mwisho Beowulf na joka wanaitwa hivyo wote wawili kwa pamoja.

Mwalimu wa Zamu:

Samahani niingilie. Kwa sarufi sanifu kiumbe chochote chenye uhai hupatanishwa na ngeli ya A-WA bila kujali umbo la jina lake. Kipofu anaona, si kipofu kinaona. Zimwi amekuja, mazimwi wamekuja. Hiyo "zimwi limekuja" ni kosa ambalo tunalikuza mitandaoni.

Mpindisha Maneno:

Mwalimu shikamoo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nenda kawasahihishe wahenga.

Mwalimu wa Zamu:

Marahaba. Methali ina uhuru wake wa kisanaa.

JichoMoja:

Na mwandishi wa stori hana 😂

Afu hiyo methali mbona hamuioni ilivyo ya ajabu kwenye mada hii, ni methali yetu yote tunaisema kwa upande wa mliwaji. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, sawa, lakini zimwi lenyewe linajisikiaje kukuacha nusu? Miaka 12 Grendel anakula watu wa nyumba ileile, lazima anawajua kwa sauti. Huyu ndiye anayekohoa. Huyu anaimba vibaya. Lazima kuna mmoja amekuwa akimruka.

KalamuButu:

"Lazima kuna mmoja amekuwa akimruka." JichoMoja naiba hiyo, usinishtaki.

Ukurasa wa Pili:

Nimefuatilia kimya toka jana ila naomba nipinge kidogo. Naona wote mmekubaliana kwamba sababu ya zimwi iko ndani ya zimwi, ama upweke ama njaa ama kutoelewa. Kuna mazimwi ambayo sababu yake iko nje kabisa, kwa waliomlea.

Mnaikumbuka Nunda mla watu? Ile ya Sultani Majnuni, hadithi ya Zanzibar, Edward Steere aliichapisha kwenye mkusanyiko wake 1870. Wengi tunakumbuka sehemu ya shujaa, yule mtoto mdogo wa Sultani aliyedharauliwa na kaka zake, anaenda porini anaua mnyama, anamburuta hadi nyumbani huku anaimba kumwambia mama yake nimemuua Nunda, mama anamjibu mwanangu huyo siye. Anarudi tena, anaua mkubwa zaidi, siye. Twiga siye, tembo siye, mpaka anampata mwenyewe.

Lakini rudini mwanzo. Nunda alikuwa PAKA. Paka wa nyumbani wa Sultani. Siku moja kakamata ndama, watu wakaenda kushtaki, Sultani akajibu paka ni wangu na ndama ni wangu, mwacheni. Akapanda kwa mnyama mkubwa zaidi, jibu lilelile. Akala mtoto wa mtu, jibu lilelile. Mpaka siku alipokula watoto wa Sultani mwenyewe ndipo Sultani akasema huyu si paka tena, huyu ni Nunda.

Sasa geuza useme kwa mdomo wa paka. Hana uchungu wowote, hajatengwa, hajarushiwa mawe, kapendwa! Kila alichofanya kilikubaliwa na aliyeko juu. Jana wangu leo Nunda, na yeye hajabadilika chochote, meno ni yaleyale, kilichobadilika ni nani kaliwa. Paka yule angesimulia bila hasira, kwa mshangao tu. Na msomaji angeogopa zaidi kuliko Grendel wa machozi.

Nisemacho ni kwamba KalamuButu usitafute sababu ya Grendel moyoni mwake peke yake. Huo ukumbi ulijengwa wapi? Nani alikuwa pale kabla? Kinubi kilimkuta kwake au yeye alikifuata? Utenzi unasema ni wa kizazi cha Kaini, sawa, hiyo ni kauli ya waliomo ndani ya ukumbi.

bintiMsimulizi:

@Ukurasa wa Pili Nunda umeniua. "Jana wangu leo Nunda", hiyo andika wewe mwenyewe usimuachie mtu.

Ila kwa Grendel nina wasiwasi na habari ya nani alikuwepo kwanza. Ukienda huko sana anageuka mwenye shamba aliyedhulumiwa na tunarudi mahakamani kwa dada yake KalamuButu. Kelele zinatosha. Mtu anaweza kuchukia furaha ya jirani bila kuwa na hati ya kiwanja.

Kibogoyo:

Haya nimerudi, nilikuwa mkali jana, nilikuwa na siku mbaya. Nilete kimoja cha kufidia.

Humbaba, mlinzi wa msitu wa mierezi kwenye Gilgamesh, ule utenzi wa kale wa Mesopotamia. Miaka yote alikuwa zimwi la kawaida, sauti ya mafuriko, mdomo wa moto. Mwaka 2011 makumbusho ya Sulaymaniyah huko Iraq walinunua bamba la udongo kutoka kwa mtu, lilipofasiriwa na kuchapishwa 2014 likakutwa na mistari ambayo nakala nyingine hazina. Inaeleza msitu kabla ya mashujaa kuuvunja: ndege wanaitikiana, vinyenze, nyani wanapiga kelele, na zote hizo zinapigwa mbele ya Humbaba kila siku kama muziki wa mfalme barazani. Mashujaa wanafika, wanamuua wakati anaomba asiuawe, wanakata miti. Halafu Enkidu, mmoja wa mashujaa hao, anamwambia mwenzake tumeufanya msitu kuwa jangwa, tutamjibu nini mungu Enlil aliyemweka yule mlinzi pale.

Kwahiyo weka hizi mbili mezani. Humbaba ana ukumbi wake na muziki wake, mashujaa wanakuja kuuvunja. Grendel anakuja kuvunja ukumbi wa wengine. Ni kisa kimoja kimegeuzwa nje ndani. Mabwawa ya Grendel lazima yana sauti zake pia kabla ya kinubi. Vyura, sijui upepo kwenye matete. Zisikike.

Na ule usemi wangu wa kwanza naufuta. Andika.

KalamuButu:

Wakuu sijalala. Nimetupa kurasa zote 14. Hiki ni kipande tu, ndio kwanza kimetoka, msinirehemu.

"Mara ya kwanza niliyowasikia wakinisema nilikuwa mlangoni. Mmoja aliamka akapiga kelele: limekuja, limekuja! Nikageuka kutazama nyuma yangu ni nini kilichokuja. Palikuwa na ukungu tu na vyura walikuwa wamenyamaza.

Sasa vyura hawanyamazi. Wamenizoea nikipita nimebeba, leo sijabeba na bado wanaimba. Bega halinisumbui. Kinachonisumbua ni vidole, vile vilivyobaki kule. Navihisi. Vina baridi, vimeshikwa na kitu kisichotaka kuviachia.

Mapanga niliyazoea. Walikuwa wakinipiga nayo mgongoni kama mtu anayepiga mlango asiokuwa na ufunguo wake, na nilikuwa nawaacha. Lakini lile halikuja na panga. Lilikuwa limelala kati yao likijifanya mmoja wao, likinuka kama wao, nikanyoosha mkono na likanishika. Nikasema mama. Sijui kama nilisema kwa sauti. Yule anayekohoa alikuwa palepale kwenye kona, nilimuona, macho yake yamefunguka, miaka yote hii nimekuwa nikimruka na hakunisaidia.

Mama atauliza nimekula nini. Nitamwambia mmoja tu. Atasema mwanangu anakonda. Kisha ataona upande wangu wa kulia.

Lilinivuta, nikavuta, likavuta, na kitu kikakatika ambacho sikujua ni changu mpaka niliposikia wanashangilia. Hapo ndipo akaniachia."

JichoMoja:

"Na hakunisaidia." Mkuu. MKUU. Anategemea msaada wa chakula chake.

bintiMsimulizi:

Nimesoma mara tatu. Toa "kisichotaka kuviachia", ni sentensi ya mwandishi si yake, "vimeshikwa" inatosha. Lingine lote usiguse.

Na kumbuka mama ukimfikia. Utenzi haumpi hata jina. Na akienda kulipiza anaua mtu mmoja tu, mshauri kipenzi wa mfalme, na anauchukua mkono wa mwanawe anarudi nao. Mmoja kwa mmoja. Yeye hesabu ya diya anaijua kuliko wao.

Ukurasa wa Pili:

Dada yako umemuonyesha?

KalamuButu:

Amesoma. Kanyamaza muda mrefu kisha kaniuliza yule anayekohoa anaitwa nani. Sijui bado.

Mwalimu wa Zamu:

Kazi nzuri. Swali la kiufundi tu. Kote umeandika "lile", "halikuja", "likanishika", "lilinivuta", halafu sentensi ya mwisho kabisa "akaniachia". Ni makusudi au ulipitiwa?

KalamuButu:

Nilipitiwa mwalimu, saa kumi usiku ile. Nimeirudisha "likaniachia" nikaisoma kwa sauti, kisha nikaifuta nikaandika tena "aka".

Mpindisha Maneno:

Iache hapo usiiguse mpaka kesho. Na Mwalimu tafadhali, usimwambie ngeli.